Mwezi wa Chokaa

Gando, Wete,
Pemba.
Jumapili, baada ya alasiri.

Kwa kaka yangu mpenzi, Fahmi bin Othman,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Natumai barua hii itakukuta mzima wa afya huko Tanga, wewe na wifi Hind na watoto, na kwamba kile kikohozi cha mdogo kimeshamwachia. Ukituuliza sisi huku, sote tunapumua. Mama ni mzima ila mikono inamwasha, na sababu utaijua mbele. Baba naye ni mzima, na tangu juzi anakula vizuri. Mimi sijambo. Hasira ninazo, lakini hasira si maradhi.

Usishangae kuona karatasi na kalamu zama hizi za simu. Ujumbe wako wa sauti niliupata Alkhamisi nikausikiliza mpaka mwisho, hata pale ulipokohoa kama imamu anayetaka kuanza hotuba. Ulisema baba amekupigia akiwa karibu na kulia, kwamba nimemvunjia heshima mbele ya kamati ya skuli, na kwamba niende nikampigie magoti, ukuta upakwe, yaishe. Ningekupigia simu ungenikatiza, maana ndiyo tabia yako tangu tuko wadogo. Barua haikatizwi. Basi mwambie wifi akutilie chai, ukae kitako usome mpaka chini. Jibu langu nakupa mapema usije ukapoteza muda kulitafuta: sitopiga magoti.

Sasa nikueleze, kwa sababu namjua baba, hadithi atakuwa ameianzia mwisho.

Muhula uliopita nilikuwa nafundisha mfumo wa jua. Nikawauliza wanafunzi ni nani walioanza kuzijua nyota. Ummkulthum, binti mwerevu kuliko wote darasani kwangu, akasimama akajibu bila kusita kwamba ni Wazungu, wanaume, na wengi wao wameshakufa. Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka. Huyu ni mtoto aliyezaliwa kisiwa ambacho nyumba nzima hutoka nje kuutafuta mwezi wa Ramadhani, na bibi yake anakijua Kilimia, lile kundi la nyota za msimu wa kulima, kama anavyowajua kuku wake, halafu amekua akiamini kwamba mbingu zina wenyewe na yeye hayumo. Iliniuma, kaka. Siku ileile nikaenda kwa mwalimu mkuu nikamwomba ule ukuta unaotazama barabara, ulioliwa na mvua, ili wanafunzi wawachore hapo wale watu walioisogeza elimu ya nyota na safari za anga. Akanipa ukuta, akanipa na mikebe ya rangi iliyobaki.

Tukachagua watu. Al-Battani, aliyepima urefu wa mwaka wa jua akaikaribia sana hesabu ya leo, na darubini hakuwa nayo. Abdurrahman as-Sufi wa Uajemi, aliyeziandika nyota moja moja, akaona na wingu dogo ambalo leo tunajua ni galaksi nyingine kabisa. Galileo, aliyeshikilia kwamba dunia ndiyo inayolizunguka jua, akapelekwa mbele ya mahakimu wa dini yake na kufungiwa nyumbani mpaka akafa. Gagarin, mtu wa kwanza kufika anga za juu.

Kisha wanawake, na hapa ndipo wasichana wangu walipoacha kusinzia. Binti al-Ijli wa Halab, mji wa Shamu, ambaye wengi humwita Maryamu, alikuwa fundi wa astrolabu, kile chombo cha shaba cha kupimia nyota, na baba yake alikuwa na ufundi huohuo. Valentina Tereshkova, mfanyakazi wa kiwanda cha nguo, aliizunguka dunia peke yake, na inasemwa mama yake mzazi alizipata habari redioni. Katherine Johnson, mwanamke mweusi wa Marekani, alipiga hesabu za safari za anga zama ambazo hata choo cha kazini kilitengwa kwa rangi ya mtu, na mwanaanga mmoja hakukubali kuruka mpaka bibi huyo azihakikishe kwa mkono wake hesabu za kompyuta. Wa nne, Caroline Herschel, nilimchagua kwa ajili yako. Kaka yake alipokuwa anasugua kioo cha darubini hakutaka kuinua mikono, ikabidi dada amtie tonge kinywani. Na bado dada huyo akagundua nyota zenye mkia zake mwenyewe. Fikiria ni matonge mangapi nimekutia mimi, na sijagundua hata moja.

Taabu ya kwanza ilikuwa nyuso. Tulipoanza tu kuchora kichwa cha Galileo, wazee wawili waliokuwa wanapita wakasimama wakasema viumbe vyenye roho havichorwi, tena kwenye ukuta wa skuli ya Waislamu. Sikubishana nao, kaka, andika hilo kwenye hesabu zako. Nilifuta kichwa. Nikawaambia wanafunzi tutachora mikono tu, kila mtu mkono wake na chombo chake: huyu kashika astrolabu, huyu darubini, huyu kalamu, huyu usukani wa chombo cha anga. Jina juu, nyota zimetapakaa katikati. Ikapendeza kuliko nyuso.

Mkono ukishatajwa Gando, mama yetu ataachwaje? Nilimwomba aje atuoneshe vipi vidole vinapindwa. Akaja na mkoba wake wa hina na piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea mabiharusi. Akautazama ukuta, akatikisa kichwa, akasema mkono mtupu ni mkono wa eda, kwani watu hawa wote wamefiwa? Nikarudi darasani. Nilipotoka, mama na wanawake wenzake walikuwa wameshaipamba mikono yote minane, maua mpaka kwenye viwiko. Galileo ana piko kama biharusi. Gagarin ana hina ya kucha. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Tukayafuta maua ya wanaume, na ya wanawake yakabaki, maana ilikuwa kazi nzuri mno, na mama alisimama barabarani akiitazama kwa namna ambayo sijawahi kumwona akitazama kitu chake.

Nikuulize, kaka, umewahi kufikiri kuhusu kazi ya mama? Mabiharusi wote wa Gando wamepita mikononi mwake, wa Mtambwe pia. Anainama mpaka mgongo unamlia, anatia ua ndani ya ua, na baada ya siku chache biharusi anafua, anaosha vyombo, imekwenda na maji. Hakuna kazi yake hata moja iliyobaki duniani. Ukuta ule ulikuwa wa kwanza. Wanawake walimwomba awatilie wale wa ukutani na vilua vyake, yale maua ya kunukia, ile nakshi ya vilua vitatu na jani lililoinama, akakataa. Akasema hivyo ni vya mabiharusi wa nyumba yake tu. Muulize wifi, alitiwa kwenye kifundo cha mkono na anavijua.

Taabu ya pili sikuitegemea, na hapa nakiri sikutazama mbali. Mikono isiyo na mtu, nyota katikati, juu majina ya Kiarabu. Wewe ni Mpemba, unadhani watu waliona nini? Waliona falaki ya waganga. Waliona hirizi kubwa kuliko zote kisiwani, na haina malipo. Asubuhi moja nikamkuta Bi Mwanabaraka, jirani yetu wa nyuma, kashika kisu cha jikoni anakwangua nyota ya al-Battani na kutia unga wake kwenye kikombe, akamnyweshe mjukuu asiyelala. Nikamwambia ile ni rangi ya mafuta, itamuua mtoto. Akanijibu kwamba wenye elimu hatupendi kugawana. Wiki hiyo wakaja wengine, mmoja kamleta mwanawe amguse Tereshkova kabla ya mtihani.

Hapo baba akawaka, na kwa hili simlaumu. Unajua anavyouchukia uganga, na anavyochoka kusikia watu wa bara wakimuuliza Mpemba kama anaweza kumtengenezea mtu. Na yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya skuli. Akaja akasema skuli imegeuzwa kilinge cha waganga, tena na binti yake. Nikamwomba anipe nafasi niwaite wazee wa wanafunzi, niwaelezee kila mkono ni wa nani na ulifanya nini. Angeniachia, nahisi. Lakini kamati ilipokaa, Mzee Ridha, mjumbe mwenzake, akaleta suluhu yake. Akasema wanaume wanne wabaki, kwa kuwa wawili ni Waislamu na wawili hawana ubaya, ila ile mikono ya wanawake ipakwe chokaa, kwa kuwa hina ni pambo na pambo haliwekwi barabarani. Wote wakaitikia. Baba naye akaitikia.

Kaka, nilisimama. Niliuliza nyota iliyokwanguliwa ilikuwa ya nani. Nikajijibu mwenyewe kwamba ni ya al-Battani, basi tangu lini kuku akamwaga nafaka, bata akachapwa? Nikasema ama mikono yote ibaki, ama yote ifutwe, na chochote watakachofuta, mkono wangu hautoshika brashi. Nikasema darasani kwangu wasichana ni wengi kuliko wavulana, na mimi sitowafundisha kwamba mwanamke anaweza kufika mbinguni akarudi salama, halafu akashindwa kupita ukuta wa Gando. Sauti ilinipanda, sikatai. Baba akasema hapo hapana mwalimu wala mwenyekiti, pana baba na mwana, na baba anaamuru. Nikamjibu kwamba kama pana baba na mwana, basi ayakumbuke maneno yake alipokuwa ananipeleka chuo cha ualimu, kwamba nisimwogope mtu kwa jambo la haki. Ndipo akaapa, mbele ya watu: Wallahi hatokula chakula cha nyumba yake mpaka ukuta ule upate chokaa.

Na baba akiapa unamjua. Shehe alimwambia kiapo kina kafara yake, akasema yeye si mtu wa kula maneno yake. Akawa anakunywa chai na boflo mkahawani, jioni anarudi kashika tumbo, mama kampikia na sahani inapoa. Pipa la chokaa akalipeleka skuli yeye mwenyewe, akasema kama hapana wa kupaka basi Ijumaa akitoka kuswali atapaka kwa mkono wake. Hiyo ndiyo siku aliyokupigia simu.

Ijumaa asubuhi nikaitwa Wete. Walikuwa na adabu, sitowasingizia. Wakanambia Makangale kuna upungufu wa walimu, na kuanzia muhula ujao nitafundisha huko, mwisho kabisa wa kisiwa, karibu na msitu wa Ngezi. Hawakutaja ukuta, na mimi sikuwasaidia kuutaja. Nikaikunja barua yao nikarudi nyumbani. Nilipofika Gando watu walikuwa wameshatoka msikitini, na wamejaa mbele ya skuli kama penye harusi.

Nyuma ya ile mikono minne ya wanawake palikuwa na mwezi. Mwezi mpevu, mkubwa kuliko mlango, umepakwa kwa chokaa, bado mbichi unameremeta. Mikono haikuguswa hata kidole. Zamani ilikuwa juu ya ukuta mchafu ulioliwa na mvua, sasa imesimama mbele ya weupe, na kila ua la piko linaonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Baba alikuwa mbele ya watu wote, kavaa kanzu yake ya Ijumaa, brashi mkononi. Akausogelea ukuta mpaka pua ikakaribia kugusa, akatazama ukingo wa mwezi, akarudi nyuma. Mzee Ridha akamhimiza apake juu yake, chokaa kingalimo pipani. Baba akamuuliza kwa upole kabisa: ukuta umepata chokaa, haukupata? Mzee Ridha akasema umepata, lakini. Baba akasema basi kiapo chake kimekwisha, na chengine hakuapa. Akaiweka brashi chini, akaenda zake nyumbani. Mchana ule alikula wali na mchuzi wa pweza, akaomba aongezwe.

Watu wote wakanigeukia mimi. Wengine wananilaumu, wengine wananipa mkono, Ummkulthum analia na kucheka pamoja. Wakasema bila shaka nilirudi mapema kutoka Wete nikapaka wao wakiwa msikitini. Baba mwenyewe, alipoulizwa njiani, alisema mwana wake kamshinda akili. Mimi sikukataa wala sikukubali. Nilinyamaza, na kunyamaza kwangu kukawa ndio.

Sasa nakuambia wewe lile ambalo Gando nzima haijaambiwa. Mwezi ule sikuupaka mimi.

Nilijua nilipousogelea. Ukingoni mwake pote, kuzunguka, palikuwa na vilua vitatu na jani lililoinama, vilua vitatu na jani lililoinama. Baba alivijua kabla yangu. Ndivyo alivyokuwa navyo biharusi wake siku alipofunuliwa kumwona. Nilipofika nyumbani nilimkuta mama uani, kakaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, anajipaka mafuta mikononi. Chokaa kilikuwa kimemla baina ya vidole mpaka nyama nyekundu. Alikuwa amekwenda wakati wa swala, wanaume wote wapo msikitini na skuli imeshatoka. Na unajua nani alimshikia benchi? Bi Mwanabaraka, yuleyule wa kisu.

Nikamshika mikono, nikamwambia asiwe na hofu, watu wanadhani ni mimi, na mimi uhamisho ninao tayari mfukoni, hapana kitakachozidi. Nikamwambia baba naye kaamua kumsitiri. Nilidhani atanishukuru, kaka. Aliivuta mikono yake. Sijapata kumwona mama na macho yale. Akanambia: "Babako kataka kunifuta kwa chokaa. Weye wanifuta kwa kunyamaza. Tafauti yenu iko wapi?"

Mimi niliyekaripia kamati nzima kwa ajili ya wanawake wa Halab na Marekani nilikuwa nimeichukua kazi ya mama yangu nikaivaa kama baibui langu. Akanambia miaka yote amechora mikono ya watu na yote imekwenda na maji, hakulalamika. Hii imebaki, basi na jina lake libaki nayo. Hakupaka ule mwezi ili anitetee mimi, wala ili baba apate kula, ijapokuwa alijua kiapo kitakwisha na hilo lilimfurahisha. Aliupaka kwa sababu mikono ile ni yake. Kisha akasema: "Mwandikie kakako. Mwambie ni mie."

Basi ndiyo nimekuandikia. Kesho asubuhi nitasimama mbele ya wanafunzi wote, na kabla ya kufundisha chochote nitawaambia mwezi ule ni wa nani. Mama atakuwepo, ameshatoa baibui lake la sikukuu. Baba amesikia mpango huo, kwa kuwa mama alimwambia huku anampakulia. Hakupinga, akaendelea kula. Na mimi bado hasemi nami, tunapishana mlangoni kama wageni wa hoteli. Hasira itampita au haitompita, mimi nampenda vilevile, lakini magoti yangu ni ya kuswalia.

Na wewe kaka yangu, kama bado unataka mtu aombe radhi, namba ya mama unayo. Mpigie umwambie, na ukisubiri akujibu, kaa mbali na simu kidogo.

Makangale nitakwenda, bila kinyongo. Nimeulizia, wananambia skuli ya huko ina ukuta mrefu kuliko wetu na haujawahi kupakwa kitu. Mama ameshaniuliza kama chokaa kinapatikana huko au tubebe.

Nisalimie wifi Hind salamu nyingi, umwambie vilua vyake sasa viko barabarani na vinamsubiri aje avione. Wabusu watoto, hasa yule wa kikohozi. Majirani wote wanakusalimu, na Bi Mwanabaraka anakwambia mjukuu wake sasa analala, ila hataki kusema ni kwa dawa gani. Mungu atuweke, tuonane kwa heri siku ya Idi, inshallah, siku yoyote tutakayouona mwezi.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Safaa binti Othman

Na mie mamako, Time binti Mmanga. Mwezi niliupaka mie.